Duka Nililoshindwa Kukagua Ishiara

Nyinyi mnaoingia kazi ya ushuru siku hizi mna raha. Mnaelekeza simu kwenye stempu ya pakiti ya sigara, simu inawaambia kama imelipiwa ushuru au ni ya magendo, mnaandika ripoti na kwenda kunywa chai. Sisi tulikuwa na kidole gumba, pua na miguu. Aliyeniomba niwaandikie kumbukumbu hizi alitaka nieleze jinsi tulivyokuwa hodari. Nitajaribu, lakini msishangae nikimalizia mahali ambapo sikuwa hodari hata kidogo.

Mimi ni mtu wa Kibugu, huko juu karibu na msitu, mtoto wa wachuma majani chai. Niliajiriwa mjini Embu nikiwa na suruali moja ya ofisi na viatu vya ndugu yangu. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Kirimi, Mmeru mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye alivuta sigara tangu asubuhi mpaka ofisi ifungwe. Meza yake ilikuwa na alama za kuungua pande zote nne. Ukimwangalia kwa jicho la kulaumu alikuwa anasema, "Kijana, umeona mlipa kodi bora wilaya nzima na hata humsalimii?"

Somo lake la kwanza lilikuwa la kidole gumba. Stempu halali hubandikwa na mashine kiwandani, gundi yake ni nyembamba na imeenea sawasawa. Watu wa magendo walibandika za kwao kwa mkono, na wengi walitumia gundi ya unga waliyoipika nyumbani. Kwa hivyo unalowesha kidole, unasugua pembe ya stempu, unanusa. Ikinuka uji, umepata mtu.

Nililishika somo hilo kwa bidii ya mtu mpya. Wiki ya pili, Runyenjes, nilisugua stempu ya mfanyabiashara mwaminifu mpaka ikachanika vipande viwili. Pakiti bila stempu haiuziki, na yule mwenye duka aliitazama, akanitazama, akasema, "Afisa, hiyo sasa ni yako." Ikabidi niilipie. Sijawahi kuvuta hata siku moja, kwa hivyo niliitia mfukoni mwa koti nikaisahau. Mamangu aliipata alipokuwa anafua. Jumamosi nikafika nyumbani na kukuta akina mama sita wa kanisa wamekaa sebuleni, Biblia magotini, wamekuja kuniombea. Niliwaeleza habari za stempu na gundi ya unga kutoka mwanzo hadi mwisho. Walisikiliza kwa upole, kisha wakaniombea hata hivyo.

Somo la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo nitakalolirudia. Sehemu zetu hizi, nani ananunua pakiti nzima ya sigara? Mwalimu mwisho wa mwezi, na mwanasiasa wakati wa kura. Wengine wote walinunua moja moja. Pakiti ilikaa wazi juu ya kaunta, kiberiti kimefungwa kwa uzi kando yake, na mwenye duka akatoa moja, akapokea sarafu, akatoa nyingine. Siku hizi sheria imekataza, ingawa mnajua wenyewe jinsi inavyofuatwa. Sasa mwenye duka mjanja alifanya nini? Alinunua pakiti moja halali yenye stempu safi, akaiuza ikaisha, halafu akaijaza tena sigara za magendo zisizolipiwa kitu. Stempu ilikuwa ya kweli, lakini kilichokuwa ndani hakikuihusu.

"Wacha kuangalia stempu," Kirimi aliniambia. "Angalia pembe za pakiti. Pakiti ya leo pembe zake zinakwaruza. Ikiwa laini na nyeupe kama kola ya shati kuukuu, hiyo imezaa watoto wengi." Tulikuwa tumesimama kwenye duka moja Manyatta, na mwenye duka alikuwa anasikia kila neno. Aliirudisha pakiti yake chini ya kaunta polepole, lakini Kirimi alikuwa ameshanyoosha mkono.

Ofisi yetu ilikuwa kwenye jengo moja na watu wa afya. Mlango wa tatu kutoka kwetu walikuwa wamebandika tangazo lenye picha ya mapafu mawili, moja jekundu na moja jeusi. Kirimi alipenda kuvutia sigara zake hapo hapo chini ya tangazo, kwa sababu palikuwa na dirisha. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, kwani serikali inataka watu wavute au waache?"

Alipuliza moshi nje ya dirisha. "Inataka yote mawili."

"Sasa sisi tunafanya nini?"

"Sisi tunakusanya. Hao wengine," akaelekeza kidole kwa tangazo, "wao wanahubiri. Usichanganye."

Nilimwamini kwa miaka mingi. Nilidhani ushuru ni pesa tu, na afya ni kazi ya mlango wa tatu. Sikujua kwamba bei ile ile tuliyokuwa tukiilinda ndiyo iliyokuwa mahubiri, na kwamba ilikuwa inawafikia watu ambao tangazo halikuwafikia. Niruke mbele kidogo niwape mfano wa Kirimi mwenyewe. Alipostaafu na kuanza kuishi kwa pensheni, bajeti ikasomwa na sigara zikapanda tena, akaacha. Mkewe alikuwa amemsihi miaka ishirini, na pasta naye, na yale mapafu ya ukutani. Nilipomtembelea alikuwa anatafuna kijiti na kulalamika. "Kijana, nimefukuzwa na bei. Ile bei yetu wenyewe!" Alicheka hadi akakohoa.

Basi mwaka wetu wa kazi uligeuka siku ya bajeti. Waziri alipokuwa anasoma redioni, sigara zilitoweka sokoni zote. Ukiingia dukani unaambiwa zimeisha tangu jana, na huku gunia la ndengu lina mgongo wa ajabu. Kesho yake asubuhi zinarudi kwa bei mpya. Kirimi alikuwa anatutawanya madukani tangu saa sita, kila mmoja na soda yake, tukae tu tuone ni nani anabeba nini kwenda wapi. Niliipenda siku hiyo. Wavutaji walikusanyika karibu na redio wakilaani, na kila mwaka wapo walioapa. "Ikipanda tena, naacha." Tulikuwa tunawacheka, lakini ukihesabu wale waliorudi kununua, kila mwaka nyuso fulani zilikosekana.

Mmoja wa walioapa kila mwaka alikuwa shemeji yangu, Ireri. Hapa lazima niwaeleze jinsi nilivyooa.

Mke wangu Wawira, ambaye mimi humwita Mama Wanja kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, ni mwalimu, na kwao ni Ishiara. Kule chini ni joto, mbuzi na ndengu, tofauti kabisa na ukungu wetu wa Kibugu. Baba yake alifariki mapema. Mama yake, Marigu, aliwalea watoto wawili, Wawira na Ireri, kwa duka dogo pale sokoni. Lilikuwa duka kama yalivyo mengi: mbele kaunta na rafu, nyuma chumba kimoja, na katikati pazia la maua. Chumba cha nyuma ndimo alimolala, na ndimo alimoweka stoo yake.

Nyinyi wa leo mnawakumbatia mama wakwe zenu na kupiga nao picha. Siwalaumu. Kwetu wakati huo muthoni, yaani mkwe, alikuwa mtu wa kupishwa njiani. Mwanamume haketi karibu na mama wa mkewe, hamtazami usoni kwa muda mrefu, na hata nyumba iwe inaungua atafikiri mara mbili kabla ya kuingia chumba anacholala. Tulikuwa Wakristo, tulikuwa na vyeti vya shule, na bado jambo hilo lilikuwa ndani yetu kabisa.

Na mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kuogopa mila. Kabla sijaoa nilipelekwa kazini mji wa Maua, huko Meru, kwa miezi michache, na rafiki wa ofisini akanialika kwenye mahari ya dada yake. Wazee walikuwa wanapokezana ugoro. Mimi, kwa ujinga wa sare mpya, nikaushika ule mkebe, nikaugeuza chini nikitafuta stempu. Nilifikiri ni mzaha mzuri. Kelele zote zilinyamaza. Mzee mmoja akauliza kwa Kimeru huyu ni mtoto wa nani, na kabla jua halijazama nilikuwa nimetozwa mbuzi wa kuomba msamaha. Tangu siku hiyo nilijiambia kwamba serikali ina mipaka yake, na mahali mila inapoanza mimi nasimama.

Kirimi alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Mahali ulipooa, hukagui. Unakuja unasema, anakupangia soko lingine. Mimi nilipooa sikusema. Sababu yake naona haya kuieleza, lakini mmeniomba kumbukumbu. Nilipenda kushuka kwenye gari la serikali Ishiara siku ya soko, na majirani wa mama mkwe wamwone mkwe wake amevaa sare, ana faili mkononi. Nilipenda kumwona akijifanya haoni. Kwa ajili ya raha hiyo ndogo niliacha Ishiara kwenye orodha yangu.

Nilikagua duka lake kama nilivyokagua mengine, ila kwa mbali. Nilisimama mlangoni, tukasalimiana tukitazama pembeni, naye akasukuma pakiti ya sigara mpaka ukingo wa kaunta ili mikono yetu isikutane. Niliangalia stempu. Ilikuwa halali. Niliandika "sawa" nikaenda zangu.

Je, niliona pembe za ile pakiti? Niliziona. Nimekuwa na muda wa kutosha kujiuliza swali hilo na sitaki kuwadanganya. Zilikuwa laini, nyeupe, zimechoka. Nilijiambia kwamba mkono wa mama mzee hushika vitu muda mrefu. Nilijiambia kwamba ndengu zina vumbi. Stoo ilikuwa nyuma ya lile pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda chake, na mimi nilikuwa muthoni. Hivyo ndivyo miaka sita ilivyopita.

Mwaka wa sita kukawa na ukame mkali Mbeere, yaani upande wote ule wa Ishiara. Ireri alikuwa anafanya biashara ya mbuzi, na mbuzi walikuwa wanakufa, akapanda kuja kwetu Kibugu kuchuma chai mpaka mvua irudi. Nilimpenda sana Ireri. Alikuwa na maneno mengi, mwepesi wa kucheka, anaweza kukuuzia mbuzi mgonjwa ukamshukuru. Lakini nilipomwona anapanda ule mteremko wa shambani kwetu nikashtuka. Alisimama mara nne. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na wanawake wenye vikapu vilivyojaa walikuwa wanampita.

"Ni baridi ya huku," akasema. "Nyinyi watu mnaishi ndani ya friji."

Siku ya tatu alienda dukani kwetu pale kituo cha majani chai kununua sigara, akarudi amekasirika kweli. Mimi nilikuwa natengeneza ua wa boma.

"Shemeji, hawa watu wenu ni wezi! Unajua wananiuzia sigara moja pesa ngapi?"

"Hiyo ndiyo bei, Ireri. Bajeti ilisomwa Juni."

"Bajeti gani? Kwa mama bei ni ile ile ya zamani. Tangu umwoe dada yangu haijapanda." Akasema hivyo tu, bila kufikiri, kisha akaiona sura yangu. Akakaa kwenye jiwe, akaanza kukohoa, na kikohozi kile kilichukua muda mrefu kuisha.

Niliacha ua. Kila Juni huyu mtu alikuwa ameapa kwamba ikipanda tena ataacha. Kote nilikokagua, Embu, Runyenjes, Siakago, nilikuwa nimeona watu kama yeye wakipunguza, wakigawana moja watu wawili, wakiacha. Ireri peke yake ndiye bei haikumfikia, kwa sababu alikuwa ananunua kwenye duka pekee ambalo afisa wa ushuru alikuwa hathubutu kuingia.

Jioni nilimwambia mke wangu. Alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho na kisu kikasimama.

"Mama alitusomesha kwa hilo duka," akasema. "Mimi na huyo."

"Najua, Mama Wanja."

"Ukiingia chumba cha mama, Baba Wanja, mimi nitaambia watu nini?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Halafu akauliza kwa sauti ya chini zaidi, "Na Ireri ni mgonjwa kiasi gani?"

Tulimpeleka hospitali kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Daktari alikuwa mwanamke kijana, amechoka, alimsikiliza mgongoni na kifuani muda mrefu. Alituambia mapafu yamechakaa, kwamba kilichoharibika hakirudi, lakini akiacha sasa kilichobaki kinaweza kumbeba miaka mingi. Akiendelea, si mingi. Ireri akamwambia kwa mzaha kwamba ataacha bei ikipanda. Daktari hakucheka.

Siku ya soko nilienda Ishiara. Sikuvaa sare. Nilisimama nje ya duka mpaka wateja wakaisha, kisha nikasalimu. Mama mkwe alitoka nyuma ya pazia, akanisalimu, akasukuma ile pakiti mpaka ukingo wa kaunta kama kawaida yake.

"Leo sikuja kwa hiyo, Mama. Nimekuja kwa zile za nyuma."

Soko lilikuwa na kelele za mbuzi na watu wa mitumba, lakini mle ndani nilisikia mizani ikiyumba. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alishika pazia, akalifungua lote, akasimama kando. Nikaona ncha ya kitanda na shuka ya buluu, nikageuza uso upesi.

"Ingia basi," akasema. "Si wewe ni serikali? Ingia, Baba Wanja, uchukue."

Sikuingia.

"Nyinyi mnakula kwa moshi huo huo," akaendelea. "Serikali ikichukua inaitwa kodi. Mjane akichukua anaitwa mwizi. Hao wanunuzi wa ndengu wanazileta hapa kwa lori, mimi ninauza. Nimemlazimisha nani kuvuta?"

"Ireri," nikasema.

"Ireri alianza mwenyewe!"

"Alianza mwenyewe, Mama. Lakini wenzake wote aliokua nao wameshindwa na bei. Wanavuta moja kwa siku au wameacha. Yeye hapa kwako bei haijamgusa. Daktari amesema mapafu yamekwisha nusu."

Mkono wake ulikuwa bado umeshika pazia. Aliliachilia likajifunga. Akaanza kupanga sabuni kwenye rafu, sabuni ambazo zilikuwa zimepangika tayari, na hakunitazama tena. Nilingoja. Mteja aliingia kutaka chumvi, akahudumiwa, akaenda. Mwishowe nikaaga nikatoka.

Nilienda moja kwa moja kwa Kirimi. Nilimwambia yote, pembe za pakiti pamoja na gari la serikali na majirani. Alisikiliza na sigara yake ikaungua yenyewe mpaka ikafika kwenye vidole.

"Miaka sita," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningemtuma Kathure." Kathure alikuwa afisa mwenzetu, mwanamke wa Meru, na kwake yeye kile chumba kilikuwa stoo tu, kama stoo nyingine yoyote. "Angeingia, angetoka, wewe ungekuwa umekaa Runyenjes unakunywa soda. Mama mkwe wako angelipa faini ndogo, jambo lingeisha. Huoni? Ilikuwa jambo la asubuhi moja."

Nililiona, na hilo ndilo lililoniuma kuliko hasira yake. Nilikuwa nimejiambia kwamba ninabeba mzigo mzito wa mila na kazi, na kumbe ulikuwa mzigo wa kusema neno moja ofisini. Mila haikuwahi kunizuia kufungua mdomo.

Niliandika taarifa yangu na kutia sahihi. Kathure alienda na mwenzake, wakatoa katoni kumi na moja chini ya kitanda. Laiseni ya duka ikachukuliwa kwa muda, faini ikalipwa, nusu yake tukailipa mimi na mke wangu, na mimi nikahamishiwa kaunta ya fomu kwa miaka mitatu bila kupandishwa cheo. Nilistahili. Nyumbani Mama Wanja alinipakulia chakula kila siku na kwenda kulia chake jikoni. Hilo lilidumu mpaka maharagwe ya msimu ule yakavunwa, kisha siku moja akaleta sahani yake mezani, akaketi, akaniuliza habari za kazi. Hatukulizungumza zaidi.

Ireri aliacha. Ndiyo, aliacha kweli. Ishiara ikapata bei kama kwingine, naye akashuka kutoka pakiti hadi sigara tano, hadi mbili, hadi ile moja anayoizima katikati na kuiweka nyuma ya sikio aimalizie kesho. Kisha siku moja akapita dukani asinunue. Alinitumia ujumbe kwa mkono wa mtu wa mbuzi: "Mwambie shemeji bajeti imenishika." Nililia niliposikia hivyo, na sioni haya kuwaambia.

Lakini kilichoharibika hakikurudi, daktari alikuwa amesema. Kwa miaka minne alitembea kidogo kidogo. Halafu hakutembea tena. Nilikaa naye wodini wiki za mwisho, mashine moja ya oksijeni ikizungushwa kati ya vitanda, na niliitazama nikiwaza juu ya magari yote ya sigara niliyowahi kuyapigia mhuri. Pesa za moshi zilienda wapi, ikiwa si hapa? Niliwahi kuuliza swali hilo kwenye semina moja ya idara na nikajibiwa kwamba mapato yote huingia mfuko mmoja. Ni jibu sahihi. Nyinyi mtakaokuwa wakubwa mtafute lililo bora zaidi, maana ukitaka watu wakubali ushuru huu ni lazima wauone ukiwasaidia wagonjwa wao kupumua. Mimi bado naamini ni ushuru mwema kuliko wote tulionao. Nauamini kwa sababu niliona watu wakiokolewa nao, na nilimwona mmoja aliyenyimwa.

Tulimzika Ireri Ishiara, saa saba mchana, jua kali. Watu walipoanza kutawanyika nilienda kusimama peke yangu karibu na matangi ya maji. Mama mkwe akaja. Alikuja moja kwa moja, akasimama karibu nami kuliko alivyowahi kusimama maisha yake yote, akanitazama machoni. Nilijaribu kutazama pembeni kama tulivyozoea, lakini hakuniachia nafasi.

"Baba Wanja, ile miaka yote ulikuwa unakuja kukagua. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyejua habari ya zile pembe isipokuwa mimi na Kirimi.

"Nilikuwa najua, Mama."

"Mbona hukuingia?"

"Kilikuwa chumba chako, Mama. Nilikuheshimu."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu iliyokataa. Kisha akanishika mkono, sisi ambao hatukuwahi kushikana mikono.

"Ungeingia tu," akasema. "Ningekuchukia wewe, na mtoto wangu angekuwa hapa."